Madizaina, tuonyesheni na oda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wanaotengeneza kadi, nembo, vipeperushi na mabango, wale tunaowaita madizaina. Mimi ni mchapaji hapa Kariakoo, nina mashine ya ofseti na plota ya mabango. Kuchora sijui. Ninachokijua ni wino na karatasi, na faili za vijana hawa huishia mezani kwangu, mara nyingi zikiwa zimeshasifiwa kwenye makundi yao ya mtandaoni kabla mwenye kazi hajaziona.

Makundi hayo nami nimo. Kijana wangu wa kompyuta ndiye aliyeniingiza, na nimekaa humo kimya muda mrefu nikisoma. Vipaji vimo, tena vya kutisha. Kinachonisumbua ni namna kazi zinavyopimwa. Picha inawekwa peke yake. Hatuambiwi aliyeagiza ni nani, itabandikwa wapi, itachapwa kwenye karatasi gani, wala mteja alikuwa na shilingi ngapi; yaani oda yenyewe hatuioni. Chini yake zinamiminika komenti: "kali sana", "umeua kaka", na vile vialama vya moto. Anayetaka kukosoa anasema rangi hazijakubaliana au fonti, yaani sura ya herufi, imezeeka. Hivyo ndivyo mtu anavyotazama mchoro wa kutundika ukutani. Lakini ile picha ni, tuseme, kadi ya mchango wa harusi, imetumwa irudi na pesa.

Nitoe mfano. Mwaka jana nililetewa bango la duka la dawa, la kufunga juu ya mlango, kando ya barabara ya kwenda Mbagala. Kijana alinionyesha komenti za kundi kabla ya kunionyesha vipimo. Nyuma peusi tii, kidonge kimoja kinaelea katikati, mwanga wa zambarau unatokea mgongoni kwake, na jina la duka liko chini kulia kwa herufi nyembamba za kijivu. Kwenye simu, kweli, lilipendeza. Nikamuuliza: mama aliyebeba mtoto mwenye homa, yuko ng'ambo ya barabara saa mbili usiku, atajuaje kwamba hapa panauzwa dawa? Akanijibu, "Mama, nafasi tupu ndiyo inayoleta hadhi." Tukalichapa kama lilivyo, kwa sababu pesa ilishalipwa na yeye hakutaka hata nukta iguswe. Baada ya wiki chache mwenye duka akarudi akiwa amenuna, akitaka bango jipya: nyuma peupe, msalaba wa kijani, neno DAWA limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo la pili sijaliona limewekwa kwenye kundi lolote. Linaning'inia hadi leo na linafanya kazi yake.

Wachora vibao wa zamani, wale wa brashi na rangi ya mafuta, walikuwa na kipimo chao ambacho sisi wa plota tumekirithi: herufi iwe na urefu wa kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita 3 za umbali. Mtu akiwa mita 30, mpe herufi ya sentimita 25. Mtu huyo huenda yuko dirishani kwenye daladala, amebanwa, na gari haitamsubiri amalize kusoma. Sijawahi kuona kundini mtu akiulizwa, "Litasomwa kutoka umbali gani?"

Kuna mengine ambayo kundi haliwezi kuyaona hata likitaka. Simu inatoa rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine yangu ina wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na zipo rangi za simu ambazo wino huo hauzifikii, hasa kile kijani cha kuwaka na ile zambarau inayopendwa siku hizi. Zikitua kwenye karatasi zinapoa, na mimi naambiwa mashine yangu mbovu. Weusi uliojazwa rangi zote nne kwa kiwango cha juu haukauki upesi. Wino wa karatasi ya chini unahamia mgongoni kwa karatasi iliyoilalia, na kazi nzima inatoka na madoa. Herufi nyeupe nyembamba juu ya weusi huo zinazibwa: wino husambaa kidogo, matumbo ya a na e yanajaa, na kwenye namba ya simu 6 na 8 zinakuwa mapacha. Fikiria hiyo ndiyo namba ya kutumia mchango. Na kadi ya mwaliko, yule wa mlangoni ukumbini anatafuta neno moja tu, singo au dabo, ajue ni ya mtu mmoja au wawili, tena usiku, kwa tochi ya simu, huku foleni ya mashangazi waliovaa sare ikimsukuma. Kadi zinazolificha neno hilo kwa dhahabu juu ya rangi ya maziwa, kwenye kona, zinapata sifa nyingi sana.

Najua tabia hii haikuanzia kwetu. Dribbble, mtandao wa madizaina ulioanzishwa Marekani mwaka 2009, siku zake za mwanzo ulipokea picha ndogo ya pikseli 400 kwa 300. Programu nzima ya simu, yenye kurasa na vitufe na watu wa kuitumia, ikabidi ibanwe humo. Kilichobaki ni kipande kinachong'aa. Behance, ulionunuliwa na kampuni ya Adobe mwaka 2012, unampa mtu nafasi ya kueleza mradi wake kwa urefu, lakini vijana wetu wanaijaza nafasi hiyo kwa mokapu, zile picha za kuigiza zinazoonyesha kazi kana kwamba imeshabandikwa. Bango linaonyeshwa kwenye ukuta safi wa jiji lisilo na nguzo za umeme, lisilo na vumbi, na hakuna bajaji iliyoegeshwa mbele yake. Ningependa kulijua jiji hilo.

Hata wakubwa wa kazi hii yamewakuta. Massimo Vignelli alitengeneza ramani ya treni za chini ya ardhi za New York iliyotoka mwaka 1972. Ilikuwa safi ajabu: kila njia na rangi yake, mistari imenyooka au imekatwa nyuzi 45, kila kituo ni nukta. Madizaina waliipenda na bado wanaipenda, na imo katika hifadhi ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilo. Abiria wakalalamika. Bustani ya Central Park, ambayo ni ndefu na nyembamba, humo ilikuwa mraba tena ya kijivu, na maji yalipakwa rangi ya mchanga. Mtu aliyetoka kituoni akitegemea ramani hiyo kutembea kwa miguu hakujua aelekee wapi. Mwaka 1979 ikaondolewa, ikaletwa nyingine iliyofuata mitaa ilivyo. Na sasa utamu wa kisa: mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ya huko ilitoa ramani mpya inayofuata mtindo ule ule wa Vignelli. Mimi naona sababu iko mfukoni mwa abiria. Leo mitaa anaitazama kwenye simu, kwa hiyo karatasi ya ukutani anaidai njia za treni tu. Mtindo ule ule, watu wa mji ule ule, umekataliwa na kisha umekubaliwa, kwa sababu kinachodaiwa kimebadilika. Uzuri wake haukuhusika kabisa.

Kwa nini niende New York wakati kanga ipo? Nenda Mtaa wa Uhuru ukatazame doti zilizotundikwa. Kila kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na jina ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini. Upana wa kama mita moja na nusu, kimo kama mita moja na kidogo. Aliyeipanga alijua mambo ambayo picha ya simu haiyaonyeshi. Alijua nguo itazungushwa mwilini, kwamba jina litaangukia nyuma, chini ya kiuno, na litasomwa na jirani anayefuata, siyo na mvaaji. Alijua mji lazima uwe na nguvu hata ukikunjwa, kwa sababu nusu yake itapotea kwenye mkunjo. Alijua kila rangi inayoongezwa ni skrini ya kuchapia au rola nyingine kiwandani na bei inapanda, ndiyo maana fundi hodari wa kanga anaacha weupe wa kitambaa ufanye kazi ya rangi moja bure. Alijua mnunuzi ataikata doti katikati na kuipinda kwa cherehani, hivyo akaacha mahali pa mkasi. Tazama kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na vizazi vya mabibi harusi wa pwani wameivaa.

Halafu tafuta sahihi ya mchoraji. Hutaipata. Utakuta alama ya mfanyabiashara, kama ile ya "Mali ya Abdulla" ya Mombasa, lakini mkono uliochora haupo. Yule Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa nembo yetu ya taifa, alifariki mwaka 2017, na wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza siku zake za mwisho, ilhali kazi hiyo inayonasibishwa naye tunaibeba kwenye noti. Nawaelewa vijana wanaotaka kuonekana. Kukaa bila jina kunauma, na kundi la mtandaoni ndilo mahali pekee ambapo wenzao huwaambia umefanya vizuri. Ila pongezi hizo zimeanza kuamua kazi iweje, na hapo mteja ndiye anayelipia.

Upande wa pili nao unaumia, na hili sijasikia likisemwa. Kijana mmoja anayepaka rangi kwenye turubai aliweka mchoro wake kwenye kundi hilohilo. Ulikuwa umejaa: watu, mbuzi, ndoo, nyaya, sura juu ya sura. Wakamshukia. Punguza vitu. Jicho lianzie wapi? Acha nafasi. Ujumbe haueleweki. Akaufuta. Nilimhurumia, nikamkumbuka msanii George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo wanaobanana kutoka kona hadi kona. Angewekwa kwenye kundi lile angeambiwa apunguze mashetani. Edward Saidi Tingatinga naye, kwenye vibao vyake vya mraba na rangi ya kupakia baiskeli, angeulizwa kwa nini chui ana macho kama sahani.

Mtu ataniambia Tingatinga alikuwa akichora vya kuuza, kwa wageni wa Oyster Bay. Kweli, aliuza. Lakini chui wake hakutumwa kumfikisha mtu popote. Ukimtazama ukafurahi, au ukaogopa, au usielewe kitu, chui hajashindwa. Bango la duka la dawa lisipoeleweka, limeshindwa, hata likiwa zuri kuliko chui. Kuulizana "Umehisi nini?" mbele ya bango la dawa, na "Ujumbe uko wapi?" mbele ya mchoro wa turubai, ni kuwakosea wote wawili.

Wengine wanatengeneza nembo mpya za benki na mashirika ambayo hayakuwaomba. Fanyeni tu, ni mazoezi. Semeni kwamba ni mazoezi.

Ninachopendekeza kwa wasimamizi wa makundi ni kidogo. Anayeweka dizaini aandike chini yake mistari miwili mitatu: nani aliagiza na anataka nini kitokee, itaonekana wapi na kwa umbali gani, itachapwa au itabaki kwenye simu, bajeti ilikuwaje. Baada ya mwezi arudi aseme ilifanyaje. Simu ziliongezeka? Watu walipotea njia kuja ukumbini? Anayeweka mchoro wake aandike tu kwamba ni mchoro, na watu wa fonti na nafasi tupu wamwache. Zitapungua kazi za kuwekwa, najua, na zile nyeupe zenye msalaba wa kijani zitapata wa kuzitetea.

Nawe mhariri, gazeti lako linapochapa kazi za vijana, lichape na oda. Mnatupa picha, jina na umri wa mshindi, lakini hamtuambii alishinda kwa kutatua nini.

Kwa vijana wa karibu, kujaribu ukurasa mmoja wa A4 kwenye mashine ni bei ya soda. Leteni faili kabla ya kulipeleka kundini, tulichape, tulibandike ukutani ng'ambo ya mtaa, nanyi mvuke mkalisome kutokea huko. Njooni kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mashine zimeshikwa na watu wa harusi.

Mama wa Mashine,
Kariakoo, Dar es Salaam