Seva inafanya kazi, lakini imeandika maonyo: uyaache tu?

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Kila kitu kiko sawa, ila humu ndani pameandikwa kuna maonyo manne. Niyaache tu?"

Simu ya namna hii tunaipokea mara kwa mara. Anayepiga huwa ni mtu aliyekabidhiwa Nextcloud ya ofisi, yaani programu ya kuhifadhi faili, kalenda na mazungumzo kwenye seva yenu wenyewe, juu ya kazi yake nyingine: mhasibu, katibu, mwalimu wa kompyuta. Faili zinafunguka, kalenda inaonekana, wenzake wanachati, lakini akiingia upande wa msimamizi anakutana na alama za njano na nyekundu, na maneno yasiyomwambia kitu. Zamani, onyo likiwa la njano tulikuwa tunajibu, "Acha tu, halina shida." Siku hizi hatujibu hivyo tena, na tunataka mjue sababu.

Ukurasa ule wa maonyo ni ukaguzi. Kila ukiufungua, Nextcloud inajipima yenyewe: inasoma mipangilio, inaangalia hifadhidata, inajaribu kujiita kwa anwani yake ya nje. Kisichokaa inavyotarajia inakiandika. Toleo jipya likija na vipimo vipya, maonyo huongezeka hata kama hakuna aliyegusa seva. Kasoro huenda ilikuwapo tangu programu iliposakinishwa, ila hapakuwa na wa kuitaja.

Mteja wetu mmoja wa Dar es Salaam, ofisi ya watu kama ishirini, alilalamika kwamba kila asubuhi kuingia kunachukua karibu nusu dakika. Ukishaingia, mambo yanakwenda kasi kama kawaida. Tulishuku intaneti, tukaipima, haikuwa na tatizo. Tukashuku kumbukumbu ya seva, tukaongeza, hali ikabaki ileile. Siku mbili zilipita hivyo. Mwishowe tukafungua batli, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, tukazisoma mstari mmoja mmoja. Majaribio yaliyoshindwa ya kuingia yalikuwa mengi, ya jina moja, na yote yalionyesha yametoka anwani moja ya mtandao, 172.18.0.1. Lakini hata walioingia salama, wa ofisini, wa nyumbani na wa safarini, wote walikuwa na anwani hiyohiyo.

Nextcloud ile haikuwa imekaa mlangoni. Mbele yake kulikuwa na proksi, programu inayopokea wageni na kuwapitisha ndani. Ni kama mlinzi wa getini ambaye kila mgeni akifika, anaandika kwenye daftari jina lake yeye mlinzi. Nextcloud ina kinga dhidi ya wanaobahatisha manenosiri: anwani ikikosea mara nyingi, inacheleweshwa, hadi sekunde 25 kwa kila jaribio. Mfanyakazi mmoja alikuwa amebadilisha nenosiri, na simu yake ya zamani, iliyobaki nyumbani ikiwaka, iliendelea kugonga mlango na nenosiri la zamani mchana na usiku. Kwa kuwa wote walionekana ni mtu mmoja, adhabu ya simu ile ikawashukia wote.

Na onyo lilikuwapo muda wote. La njano, likisema mpangilio wa proksi hauko sahihi. Sisi wenyewe ndio tuliosema liachwe. Hilo lilituuma, na tuliwaomba radhi.

Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya config.php, faili ya mipangilio ya Nextcloud, kwenye trusted_proxies, kuitambulisha anwani ya proksi. Mitandaoni kuna wanaoshauri kuizima kinga yenyewe ili kasi irudi. Tafadhali msifanye hivyo; mtakuwa mmewafungulia wezi. Wala msiandike kwamba kila anwani duniani ni proksi ya kuaminika, maana hapo mtu yeyote anaweza kujiandikia anwani aitakayo. Na kama ofisi yenu nzima inatumia intaneti moja, kwa nje bado mnaonekana anwani moja, hivyo simu yenye nenosiri la zamani ni lazima itafutwe na kurekebishwa.

Onyo jingine linalowachanganya wengi huku kwetu ni la muda wa matengenezo. Nextcloud inataka uitajie saa ya kuanza kazi nzito, zile zisizo za haraka, ili zisiwabane watumiaji mchana. Mfano unaonakiliwa sana ni 1. Hiyo ni saa ya UTC, saa ya kimataifa. Ongeza tatu upate saa ya Afrika Mashariki, kisha uigeuze kwa saa zetu: ni saa kumi alfajiri. Dirisha lenyewe ni la saa nne, kwa hiyo linafika hadi saa mbili asubuhi, wakati watu wanawasha kompyuta zao. Sisi tunaweka 19, kazi zianze saa nne usiku na dirisha lifungwe saa nane usiku.

Mengine ni mepesi. Likitajwa eneo la namba za simu, andika TZ au KE kulingana na mlipo. Likisema hifadhidata imekosa faharasa, yaani orodha za kuisaidia kutafuta haraka, kuna amri moja ya kuziongeza, nasi tunaiendesha usiku kwa sababu kwenye hifadhidata kubwa huchukua muda. Likisema kazi za nyuma hazijaendeshwa kwa saa kadhaa, kroni, yaani kiamshaji cha kazi hizo kwa ratiba, imesimama. Inatakiwa kuamka kila dakika 5. Likilalamikia kumbukumbu ya PHP, lugha inayoiendesha Nextcloud, nawe una hakika umeshaweka megabaiti 512, inawezekana umehariri faili isiyo yenyewe: PHP ya tovuti na PHP ya mstari wa amri kila moja huwa na mipangilio yake.

Mkituandikia, nakilini onyo zima neno kwa neno, hata kama ni refu. "Kuna onyo jekundu" halitufikishi mbali. Tuambieni toleo mnalotumia na kilichobadilika wiki hiyo: mmepandisha toleo, mmehamisha seva, mmebadili mtoa huduma wa intaneti? Mkipiga picha ya skrini, angalieni isionyeshe nenosiri.

Kuna onyo moja tu ambalo hatutaki mtuandikie. Likisema folda ya data na faili zenu huenda zinafikika kutoka intaneti, maana yake mikataba, mishahara na picha za vitambulisho zinaweza kupakuliwa na mtu asiye na akaunti. Hilo tupigieni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa Jumapili. Tutaifunga seva kwanza, maswali baadaye.