Koku, nitafutie hukumu ya Holaria

Muleba, Jumapili jioni

Mpendwa Koku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ukiacha msiba wa Baba ambao najua umeshausikia. Nisamehe kimya changu cha tangu Pasaka. Simu zako niliziona, nguvu ya kupokea ndiyo sikuwa nayo. Senene zako Mama Egi ameshakaanga, zitakuja na basi la Jumatano kama hatazimaliza yeye njiani.

Nina shida, na wewe ndiye uliye Mwanza. Nitafutie nakala ya hukumu ya Holaria Pastory, ile ya Mahakama Kuu ya 22 Februari 1990. Maelezo ninayo, nataka karatasi yenyewe.

Jana tulimaliza matanga, wazee wa ukoo wakakaa kikao. Wanaume kwenye viti, sisi chini kwenye mkeka. Baba mdogo akatamka kwamba kibanja, shamba letu la migomba, kinarudi kwenye ukoo kwa kuwa Baba hakuacha mtoto wa kiume. Mama atakaa mpaka Mungu atakapomchukua. Mimi naruhusiwa kuja kukata ndizi "kama mgeni wetu". Mgeni, Koku! Migomba ya upande wa kisimani niliipanda kwa mikono hii nikiwa darasa la sita, Baba kanishikia kamba ili mstari unyooke. Leo asubuhi nimemkuta baba mdogo anahesabu hatua mpakani. Alipofika kwenye mlamula, mti wa mpaka aliopanda babu, akaupiga panga, akaliacha limenasa pale pale kwenye shina, akaingia ndani kunywa chai ya Mama.

Nilipomtaja Holaria kikaoni, hakuna aliyemjua. Na ni wa wilaya hii hii! Bibi mzee, kibanja kaachiwa na baba yake kwa wosia, hana wa kumtunza, akakiuza kwa shilingi 300,000 Agosti 1988. Kesho yake tu mpwa wake Bernardo Ephrahim akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi kwa Jaji Mwalusanya, akasema Katiba imekataza ubaguzi, na mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Mpwa akitaka kibanja, alipe hizo hizo 300,000 ndani ya miezi sita. Nikiwaza umri aliokuwa nao yule bibi, kusimama mbele ya ndugu zake wa damu, machozi yananitoka.

Najua utaniambia Holaria alikuwa na wosia na Baba hakuacha. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Tangazo la sheria za kimila la 1963 bado linamweka binti daraja la tatu kwenye urithi, ardhi ya ukoo aitumie maisha yake tu bila kuiuza. Wale wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walilipinga hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, na 2015 kamati ikasema nchi yetu imewakosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inakataa mila inayombagua mwanamke. Mambo yote hayo yameandikwa, lakini kwenye mkeka wetu jana hayakuwepo.

Unakumbuka 1995, tulivyokusanyika kwenye redio ya mwalimu wa zamu kumsikia Mama Mongella, mtu wa Ukerewe hapo, anaongoza mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing? Tulidhani tukikua haya yatakuwa yamekwisha. Jana mzee mmoja alininyamazisha kwa neno hilo hilo: "Usituletee Beijing hapa." Wenzake wakacheka, na Mama akainamisha kichwa. Ana kadi ya UWT, umoja wa wanawake, tangu usichana wake, Koku, na hakusema neno.

Sitaki kuuza. Baba kalala pale, na babu. Baba mdogo anadhani makaburi ni yake peke yake, kana kwamba mimi sikulia. Ninachotaka ni jina langu kwenye hati ya kibanja, na baada yangu la binti yangu, asije akakaa kwenye mkeka ule.

Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, kwa hiyo tusipoelewana itabidi niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Je, yule wakili uliyesoma naye bado anasaidia akina mama bila malipo? Hukumu ni ya Kiingereza, utanitafsiria kurasa zile muhimu, Kihaya kabisa, ili niwasomee wazee? Nisubiri barua yako au nimpeleke Mama kwa mtendaji mapema? Na Jumamosi ijayo wanakaa tena. Unaweza kuja, Koku? Ukae nami pale chini?

Wako,
Adventina