Wenye nyumba za Raskazone, tuachieni ufunguo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba zilizofungwa huku Raskazone, Tanga. Wengi hawaishi hapa, na simu zao hazipokelewi.

Mwaka jana, masika yakielekea kwisha, nilihamia nyumba aliyoiacha marehemu kaka yangu. Uani kuna bwawa la kuogelea, mita 10 kwa 5, na tangu alipoanza kuugua hakuna aliyeligusa. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, majani ya mkungu yameoza chini. Ukitia mkono huoni vidole. Viluwiluwi wa mbu walijaa juu. Kivuli changu kikipita, wote wanazama kwa pamoja.

Nilitaka kuyatoa maji siku ileile. Fundi mmoja mzee wa Chumbageni akanizuia. "Dada, ardhi imeshiba mvua. Ukilikausha sasa, maji ya chini yatalisukuma lipande kama mtumbwi, sakafu ipasuke." Basi nikangoja hadi Agosti, ila sikukaa bure: nilitia perege wadogo 30, na baada ya wiki kadhaa viluwiluwi wakawa wa kutafuta.

Agosti tukawahamishia perege kwenye pipa, tukakodi pampu ya petroli. Lita 75,000 si mchezo. Tuliyamwaga taratibu kwenye migomba na minazi, kabla ya dawa yoyote kuingia. Kazi ilikuwa tope. Vijana watatu, siku mbili, ndoo kwa ndoo, na harufu ya mayai viza. Fundi hakuruhusu mtu ashuke peke yake, kwa sababu hewa ile ikizidi humwangusha mtu. Kisha tukasugua kuta, tukajaza maji, tukatia klorini ya unga. Na hapa nawasihi wanaotaka kujaribu: unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji, si maji kumwagwa juu ya unga, na usiichanganye kabisa na asidi ya kusafishia vigae. Moshi wake unaua.

Bwawa langu leo unaona chini. Lakini mbu hawakwisha.

Nikapanda ngazi nikachungulia ng'ambo ya ukuta. Kwa jirani kuna bwawa jingine, kubwa kuliko langu, kijani tupu, na geti lina kufuli. Mbu wanaopenda maji machafu kama yale ndio wanaotuuma usiku, na ndio wanaoeneza matende na mabusha. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa maradhi hayo. Tumepanga foleni za kumeza dawa zake.

Kinachoninyima usingizi hasa ni watoto. Mpira wao umeshaangukia kule mara mbili, na mara zote mbili nilimkuta mmoja ameshapanda ukuta. Mtoto akizama kwenye maji yasiyoonyesha chini, utamtafutia wapi? Mtoto hazami kwa kelele.

Simuombi mtu aje kuogelea, wala agharimie nilichogharimia mimi. Naomba ufunguo ubaki kwa jirani au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pamoja na karatasi ndogo ya ruhusa, bwana afya aweze kuingia. Kibaha kuna kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia: vinaua viluwiluwi majini na havidhuru samaki wala watu. Kazi ya kuvimwaga haichukui hata saa. Na kama bwawa hulitaki tena, lijaze kifusi, ila toboa sakafu kwanza, la sivyo mvua itatuama humohumo.

Vuli inaanza Oktoba. Perege wangu wamezaana, pipa haliwatoshi. Ngazi ninayo, wavu ninao. Nangoja ufunguo.

Mkazi wa Raskazone,
Tanga