Kikosi cha 49 kilipita pia juu ya Nyandarua

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu Kikosi Nambari 49 cha Jeshi la Anga la Uingereza niliisoma mara mbili, kwanza kwa hamu, kisha kwa kinyongo. Kuhusu Ujerumani mmeandika aya tatu. Mabomu ya nyuklia ya Pasifiki yamepata mbili. Kenya mmeipa nusu sentensi tu, kana kwamba wale marubani walitua Nairobi kunywa chai wakisubiri kazi nyingine.

Sipingi mliyoyasema kuhusu miaka ya mwanzo. Kikosi kiliundwa mwaka 1916, kikavunjwa baada ya vita, kikafufuliwa mwaka 1936. Usiku wa tarehe 12 Agosti 1940, rubani wake Roderick Learoyd alishuka chini kabisa juu ya mfereji wa Dortmund-Ems huku mizinga ikimfyatulia kutoka pande zote mbili. Alidondosha bomu lake, akairudisha nyumbani ndege iliyotobolewa, yenye magurudumu yasiyoweza kutegemewa. Badala ya kutua gizani na kuwahatarisha wenzake, alizunguka angani mpaka kukapambazuka. Alipewa Msalaba wa Victoria, na sina neno juu ya hilo. Mtu jasiri ni jasiri.

Neno langu linaanzia Novemba 1953. Mwezi huo Kikosi cha 49 kilifika Eastleigh, Nairobi, kikiwa na ndege aina ya Lincoln. Baada yake vilikuja kwa zamu vikosi vya 100, 61 na 214. Lincoln ilikuwa mdogo wake Lancaster, ile iliyochoma miji ya Ujerumani: injini nne na tumbo la kubeba mabomu makubwa. Ilibuniwa kwa safari ndefu za kwenda kuipiga Japani, lakini ilichelewa na vita vikaisha. Ndege iliyokosa adui wake ikaletwa kupiga msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya. Huko chini hapakuwa na kiwanda wala bandari wala reli. Walikuwako vijana wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, yaani Mau Mau waliopigana na ukoloni, wengi wakiwa na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji na vipande vya raba. Walikuwako pia ndovu na vifaru, na hao hawakuwa wamekula kiapo cha mtu yeyote.

Tayari zilikuwako Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani, zilizofungwa mabomu madogo na kuruka kutoka Mweiga, hapa karibu na Nyeri. Hizo watu walizizoea. Lincoln zilikuwa jambo lingine. Nyanya yangu, aliyekuwa akiishi upande wa Othaya, alisema kwamba kabla hujasikia mlio wenyewe, sufuria zilianza kugongana kwenye kichanja. Kisha mlio, kisha kimya kidogo, kisha ardhi inatikisika. Kaka yake alikuwa msituni. Kwa hiyo ule ukimya wa katikati ndio aliousimulia kuliko yote, na kila aliposimulia aliinua kidole kimoja hewani tusiongee. Baadaye walihamishiwa kijiji cha lazima, kile chenye handaki na miti iliyochongwa, na sauti zikawafuata huko mpaka katikati ya mwaka 1955 Lincoln zilipoondoka.

Sasa tazama tarehe, Mhariri, maana mimi ni mwalimu na tarehe ni ugonjwa wangu. Kikosi cha 49 kilivunjwa Agosti 1955, kikaundwa upya Mei 1956 kwa ndege za jeti aina ya Valiant. Tarehe 11 Oktoba 1956 kilidondosha kule Maralinga, Australia, bomu la kwanza la atomiki la Uingereza kuangushwa kutoka kwenye ndege. Siku kumi baadaye Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Tarehe 15 Mei mwaka huohuo, Kenneth Hubbard, kamanda wa kikosi hicho, aliangusha karibu na kisiwa cha Malden bomu la kwanza la majaribio ya haidrojeni, ambalo halikufikia nguvu iliyotarajiwa. Novemba, karibu na kisiwa cha Christmas, walilipua lililofikia megatani 1.8. Muda mfupi tu ulitenganisha shehena ya kuwafuata watu wenye mapanga mianzini na bomu la kuangamiza mji mzima, na nambari iliyokuwa kwenye makaratasi ilikuwa ileile: 49.

Kazi ya mwisho ilikuwa chini ya NATO, kutoka kituo cha Marham, mpaka mabawa ya Valiant yalipogunduliwa kuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Mwaka 1965 kikosi kikafungwa. Ndege ya Hubbard, XD818, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cosford, Uingereza.

Nyongeza ndogo: nembo ya kikosi hicho ni mbwa wa mbio, na kaulimbiu yake ya Kilatini maana yake ni jihadhari na mbwa. Kibao hicho sisi tunakitundika getini na hatuhitaji Kilatini.

Kuna watakaosema mambo hayo yalishalipwa. Ni kweli kwamba Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Mnara ukazinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Lakini kesi iliyoleta malipo hayo ilihusu mateso ya kambi za kizuizini. Mabomu hayakuwa sehemu ya madai, na waliouawa nayo msituni hawakuwa na kitambulisho cha kambi wala rekodi ya daktari ya kupeleka mahakamani.

Ombi langu ni dogo. Mnapoandika habari za Dharura, ile hali ya hatari ya miaka ya vita vya Mau Mau, acheni kusema "ndege za Waingereza". Andikeni Kikosi cha 49, cha 100, cha 61, cha 214, kama mnavyowataja majenerali wa msituni kwa majina yao. Na mtumeni mwandishi mmoja aje Mathira, Tetu na Othaya na kinasa sauti. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule wa 1953 sasa amepita tisini. Ninawajua watatu, na mmoja wao husikia sikio la kushoto tu, kwa hiyo mwandishi akae upande huo.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Othaya, Nyeri