Huo Weupe Tusiukate

Wateja wanaorudi kutoka Guangzhou na mchoro wa wino ndani ya mrija huja na ombi lilelile: "Fundi, hii karatasi tupu punguza, fremu itoke ndogo." Tunaelewa, fremu ndogo bei ndogo. Ila kwa michoro ya Kichina tunakataa kwanza, ndipo tunaeleza.

Chukua kamba (wale wa majini) wa mchoraji Qi Baishi, ambao nakala zao zimezagaa. Mzee huyu alizaliwa jimbo la Hunan, China, mwaka 1864, akawa seremala kabla ya kuwa mchoraji, akafariki Beijing mwaka 1957. Alichora vitu vya jikoni na uani: kabichi, kaa, vifaranga, panzi. Kamba aliwafuga nyumbani ili awatazame wanavyojikunja. Ukisogea karibu utaona mwili wote ni miguso michache ya brashi yenye wino uliozimuliwa. Kichwani kaongeza wino mzito kabla ule wa kwanza haujakauka, ukasambaa kidogo, na gamba likaonekana kama unaona hadi ndani. Maji hakuyachora kabisa, hata kiwimbi kimoja. Maji ni hiyo karatasi nyeupe. Ukiikata, kamba wanabaki kama wa kwenye sinia la muuza samaki.

Farasi wa Xu Beihong, mchoraji mwingine wa Kichina, naye akiwa mbioni anataka uwanja mbele yake. Na mhuri mwekundu pembeni ni sehemu ya kazi, si uchafu wa kiwandani (tumeshaulizwa).

Tatizo la pili ni mikunjo. Karatasi ya xuan, ambayo michoro hii huchorwa juu yake, hutengenezwa jimbo la Anhui, China, kwa magome ya mti na mabua ya mpunga; ni nyembamba na inafyonza unyevu upesi. Usiipige pasi, wala usiibandike kwa gundi ya mbao. Sisi tunaibandikia karatasi nyingine kwa nyuma kwa uji wa wanga, kisha tunaitandaza ubaoni hadi ikauke. Kabla ya hapo tunajaribu pembeni kama rangi inachuja, maana za bei rahisi nyingine huchuja. Kioo nacho hakigusi mchoro. Tunaweka ukingo wa kadi katikati.

Kama ukuta wako ni mdogo kweli, tutakuwekea mbao nyembamba na ukingo mwembamba. Bei itashuka bila mkasi. Njoo na mchoro ukiwa umeviringishwa, usiukunje.