Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Malikale: makaburi ya Tongoni yanataka chokaa, si saruji

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Tanga. Tunaokuandikia ni mafundi wa mawe na chokaa, na habari yetu ni makaburi ya Tongoni, kwenye njia ya Pangani, yapata kilomita 20 kusini mwa jiji. Tunaomba jambo moja: mkataba wowote wa ukarabati utakaotiwa saini usiwe na mfuko hata mmoja wa saruji.

Jina la mahali linajieleza: tongo ni mahame. Hapo palikuwa na mji wa Mtangata, na karibu na mafungu yake ya baharini ndiko merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikokwama mwaka 1498, kisha ikanasuka. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India mabaharia wamekwisha kwa maradhi, Wareno waliichoma moto huko huko. Mji ulikufa, yakabaki gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, yakiwemo ya mnara, yaani yaliyojengewa nguzo ndefu ya mawe, ambayo minara yake mingi sasa imelala chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kila jengo la kabla ya 1863, kwa hiyo hadhi ya mahali hapa haina ubishi. Ubishi upo kwenye ndoo ya fundi.

Waliojenga makaburi haya walitumia mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina matundu kama sifongo; hunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari, kisha huyatoa taratibu kupitia kiungo cha chokaa, kilicho laini kuliko jiwe lenyewe. Ukiziba kiungo hicho kwa saruji, maji hukosa pa kutokea ila kwenye jiwe. Yakikauka huacha chumvi ndani, chumvi huganda na kuvimba, na jiwe huanza kumeguka unga. Ndiyo maana ukuta uliozibwa saruji huonekana mzima miaka michache, halafu unakuta viungo vimesimama kama mbavu na mawe katikati yake yameliwa. Saruji haikuvunjika. Kilichokwisha ni kaburi.

Chokaa nayo ina adabu zake. Ile ya mfuko dukani, ya kupaka kuta, haifai: mara nyingi imekwishakula hewa na haishiki tena. Inatakiwa chokaa iliyotoka tanuruni, izimwe shimoni. Hapa tahadhari: mawe yaliyochomwa ndiyo hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, maji hayamwagiwi juu ya mawe, maana huchemka na kuruka, na jicho likipatwa ni hasara. Ichujwe, ifunikwe kwa maji kina cha kiganja, ikae miezi mitatu au zaidi. Ikiiva hung'ang'ania mwiko kama samli iliyoganda.

Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mto, si wa ufukweni. Kupeleka mchanga wa pwani Tongoni ni kupeleka chumvi ile ile tunayoikimbia. Mchanganyiko ukiwa mgumu, fundi asiongeze maji, aupondeponde kwa mti mpaka ulainike. Maji mengi ndiyo mama wa nyufa. Jiwe linyweshwe kwanza, lipu isizidi milimita 10 kwa mpako mmoja, kisha ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa wiki nzima. Chokaa haikauki ikashika. Hushika kwa kuvuta hewa, na inahitaji unyevu ili ivute. Mkandarasi mwenye haraka hukosea hapa hapa: anaiacha juani, kesho yake inapukutika kwa kidole.

Palipokwisha kutiwa saruji, wasikurupuke na patasi. Wagonge kwa mpini wa nyundo: panapolia utupu paondolewe, palipokamata paachwe, kwani jiwe litatoka pamoja nayo. Miche inayoota ukutani ising'olewe. Ikatwe shina, mizizi ife yenyewe.

Kuna vishimo vya mviringo kwenye minara. Fundi asiyejua ataviona kama kasoro na kuviziba. Humo mlikaa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, kama ilivyo Kaole kule Bagamoyo. Bakuli zimeondoka, lakini kishimo ndicho ushahidi uliobaki kwamba ziliwahi kuwapo, na mara nyingine ukingo wake bado una alama ya duara la bakuli kwenye chokaa. Viachwe wazi. Vivyo hivyo vipande vya minara iliyoanguka: kila kimoja kipigwe picha na kuandikwa namba kwa chaki pale kilipolala kabla ya kusogezwa hata hatua moja. Vikikusanywa rundo moja ili uwanja upendeze, hakuna atakayejua kipi cha kaburi lipi.

Kuhusu majira: kazi ya kuziba ifanyike Juni hadi Agosti, masika yakishapita na jua likiwa la upole. Kwa hesabu hiyo chokaa inapaswa kuwa shimoni ifikapo Machi. Shimo la mita mbili kwa mita moja, kina cha mita moja, lenye kivuli cha makuti, linatosha kuanzia. Tunaomba lichimbwe kabla zabuni haijatangazwa, na orodha ya vifaa iandike "chokaa iliyozimwa miezi mitatu", si "chokaa" tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa mawe na chokaa, Tanga