Pambano la Hogan na Andre litazamwe upya

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo umelitaja tena pambano la Hulk Hogan na Andre the Giant la Machi 29, 1987 kuwa kubwa kuliko yote katika mieleka ya kulipwa. Kwa kishindo chake, nakubali. Ninachopinga ni mwandishi wenu kuchukua maneno ya promota na kuyaandika kama historia.

Ameandika kwamba Andre alikuwa hajashindwa kwa miaka 15 na kwamba hakuna aliyewahi kumnyanyua akambwaga. Hayo yalikuwa matangazo ya kuuzia tiketi. Hogan mwenyewe alimnyanyua Andre pale Shea Stadium, New York, mwaka 1980, wakati huo Hogan akiigiza kama mtu mbaya na Andre akiwa ndiye kipenzi cha watu. Mwaka 1986 kule Japani, Andre alisalimu amri mbele ya mwanamieleka wa huko, Antonio Inoki. Hata ile idadi ya mashabiki 93,173 katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan, imebishaniwa kwa miaka mingi; Dave Meltzer, mwandishi anayefuatilia mieleka kwa karibu, anasema walikuwa kama 78,000. Kwa watu 78,000 ukumbi huo ulikuwa umefurika vilevile, kwa hiyo sioni sababu ya gazeti kung'ang'ania namba ya promota.

Tutazame pambano lenyewe. Mwanzoni kabisa Hogan anajaribu kumnyanyua Andre, mgongo unagoma, Andre anamwangukia na refa anakaribia kufika tatu, hesabu inayomaliza pambano. Baada ya hapo kasi inashuka mno. Andre anamkumbatia Hogan na kumbana mbavu, na wanakaa hivyo muda mrefu sana, karibu bila kusogea. Wanapotoka nje ya ulingo, Andre anapiga kichwa kwenye nguzo. Hogan naye anaondoa zulia ili ambwage kwenye sakafu tupu, na mpango huo unamgeukia mwenyewe. Dakika kama 12 hivi, na vitendo vya maana unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mikono.

Wengi huishia hapo na kusema pambano lilikuwa bovu. Mimi nasema mtazameni Andre. Alikuwa na ugonjwa wa homoni uliomfanya asiache kukua, mwaka mmoja kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na ndani ya lile vazi jeusi alivaa mkanda wa kushikilia kiuno. Anaposhika kamba, anaishika kwa sababu anaihitaji. Ule mbano mrefu ulikuwa pumziko lake. Tunajua sote kuwa matokeo ya mieleka hii hupangwa. Basi tukumbuke pia kwamba mtu wa zaidi ya kilo 200 hanyanyuliwi asipotaka. Andre alikubali kubebwa akiwa na mgongo ule, akaanguka, akahesabiwa tatu, kisha akaondoka huku mashabiki wakimrushia takataka. Alifariki Paris Januari 1993 akiwa na miaka 46. Kumwita Hogan shujaa wa siku ile bila kutaja hayo ni kumdhulumu marehemu.

Halafu makala yenu haikugusa kabisa pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat, lililopigwa siku ileile katika ulingo uleule. Hawakufika hata dakika 15. Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua mapema na kuiandika, na matunda yake yanaonekana: hakuna anayesimama kumsubiri mwenzake, na mara kadhaa refa anafika mbili uwanja mzima ukidhani imekwisha. Hadithi nayo imeshikana. Miezi michache kabla, Savage alikuwa amemuumiza Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni. Sasa anaichukua tena kengele ileile, anapanda nayo juu ya kamba, na George Steele, mwanamieleka aliyekuwa upande wa Steamboat, anamsukuma anaanguka. Anapoinuka kumbeba Steamboat, Steamboat anamviringisha na kumfunga kama furushi. Moja, mbili, tatu, mkanda wa ubingwa umehama kutoka kwa Savage.

Dosari ipo hata hapo. Steele asingeingilia, ushindi wa Steamboat ungekuwa safi zaidi, maana alikuwa na uwezo wa kushinda bila msaada wa mtu. Lakini kwa ufundi wa mieleka, hilo ndilo pambano la siku ile, na vijana wanaoanza kufuatilia mchezo huu wanastahili kuelekezwa huko kwanza.

Naomba basi, mtakaporudia makala yenu, mwandishi akae ayatazame mapambano yote mawili mwanzo hadi mwisho kabla hajashika kalamu, na jina la Andre litangulie la Hogan.

Msomaji wenu,
Tanga